Baraka Iliyotumwa kwa Posta

Manila, 6 Oktoba 1990

Mama mpenzi,

Mimi sijambo, na kabla hujauliza, ndiyo, ninakula. Hofu yangu iko kwa magoti yako, na kwa huyo bibi kizee wa Kichina unayembeba kumpeleka bafuni kama mtoto mchanga. Sanduku lako limefika. Sabuni nimempelekea Bibi kule Lipa, nyama za kopo tumezimaliza kwa siku tatu mimi na Efren, mwenzangu wa chumbani, na taulo nimelificha asije akalifanya lake.

Mama, nina jambo. Ningekuwa karibu yako ningekushika mkono nikauweka kwenye paji la uso wangu kuomba baraka, nikasema huku nimeinama, nisiyaone macho yako. Kwa barua inabidi niseme nimekaa wima, na ni vigumu zaidi.

Hapa chuoni kuna Undugu. Ni wa miaka mingi, ulikuwapo kabla hata wewe hujazaliwa. Wanaitana bruda. Hakuna mji katika nchi hii usio na bruda wao, na popote aendako mmoja, mwingine humfungulia mlango. Wamenitazama mwaka mzima, na wiki iliyopita wameniita. Wapya tuko saba, Efren akiwemo. Si kitu cha kuingia leo ukatoka kesho; ukishaingia ni kwa maisha. Kuna miezi minne ya kufundishwa utii na kunyamaza, halafu siku ya kuingizwa. Ya ndani hayasemwi nje.

Unajua nilivyo. Huu ni mwaka wa tatu, na bado nikifungua mdomo darasani wanacheka lafudhi yangu ya kwetu Batangas. Baba alituacha nikiwa na miaka tisa tu, Mungu amrehemu. Kaka sina, mjomba sina. Nimechoka kuwa peke yangu, Mama. Lakini bila baraka yako siingii. Niandikie hata neno moja.

Mwanao,
Arnel


Hong Kong, Jumapili, 14 Oktoba 1990

Mwanangu Arnel,

Barua yako nimeisomea chooni, maana katika nyumba hii ndipo mahali pekee ninapoweza kufunga mlango. Nimelia mpaka bibi kizee akagonga ukuta kwa fimbo.

Wewe hukumbuki. Ulikuwa na miaka minne. Homa ya dengu ilikulaza siku tisa, damu ikakutoka puani, daktari akamwambia baba yako aanze kutafuta jeneza dogo. Mimi nikaenda kanisani Taal, nikatembea kwa magoti kutoka mlangoni mpaka altareni, nikamwambia Bikira: niachie huyu, na akikua nitawarudishia wewe na Mwanao. Sijamwambia mtu hata mmoja, hata baba yako hakujua. Nilisema moyoni, wakimtaka watamwita wenyewe, mimi sitamsukuma. Na sasa wamekuita! Bruda Arnel! Nimelitamka kwa sauti huku nasugua masufuria.

Nakiri, nilikuwa naota padri. Lakini bruda ni bora zaidi. Padri anahubiri, bruda anafanya kazi. Wala uhandisi wako hautapotea, mabruda si ndio wanaojenga shule na visima?

Leo pale uwanjani Central, katikati ya mji, tunapokaa chini kila Jumapili, nimewatangazia wanawake wote wa Batangas. Adelaida amenunua soda kwa kila mtu, yeye ambaye hata pipi hagawi. Wamenibandika jina, sasa naitwa Mama Bruda. Mmoja kaniuliza, na wajukuu je? Nikamwambia wajukuu wangu watakuwa parokia nzima.

Baraka yangu unayo yote. Bibi usimwambie bado, moyo wake hauhimili furaha ya ghafla.

Mama yako,
Felicitas


Manila, 23 Oktoba 1990

Efren we,

Wewe uko likizo kwenu Laguna unanenepa, mimi nimeachiwa chumba na kunguni wako. Sikiliza. Mama amejibu. Kaa chini kwanza.

Anadhani ninaingia utawa! Mimi namwandikia Undugu wa wanachuo, wenye herufi za Kigiriki na fulana nyeusi; yeye amesoma undugu wa kanisani, kanzu na rozari. Bruda kwa bruda! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikafika mahali anaposema aliniwekea nadhiri nilipokuwa mgonjwa, akatembea kwa magoti kanisa zima. Nikaacha kucheka.

Sasa nimwambieje? Nikisema ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya kitu ambacho hata sikujua kama nimempa. Na baraka itakwenda nacho. Habari za wanafunzi wanaopigwa kwenye hizi jando za wasomi anazisikia huko huko redioni. Nikilitaja jambo lenyewe kwa jina lake atapanda ndege aje anitoe kwa sikio. Nipe shauri, na mzaha weka pembeni.

Arnel


Laguna, 29 Oktoba 1990

Bruda Mtakatifu Arnel, utuombee!

Nimejitahidi kuweka mzaha pembeni, umekataa kukaa.

Kwani umemdanganya? Nionyeshe neno moja la uongo uliloandika. Undugu si undugu? Bruda si bruda? Aliyejaza mengine ni yeye mwenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite. Baraka ikishatoka mdomoni mwa mzazi imetoka, hairudi kuuliza imeingia mlango gani.

Tufikirie mbele. Wewe na mimi tukimaliza, nani atatupa kazi? Wenzetu wana baba wanaopiga simu. Sisi tuna nini? Basi bruda mmoja mwenye kampuni atatushika mkono, utajenga nyumba, utamrudisha mama yako kutoka huko anakosugua masufuria ya watu. Siku hiyo mwambie, Mama, Mungu alibadili mpango. Akina mama husamehe vizuri wakiwa wamekaa kwenye kochi jipya.

Nakuja Jumapili. Nakuletea keki za wali. Kunguni wangu wasalimie.

Efren


Manila, 11 Novemba 1990

Mama mpenzi,

Asante kwa baraka. Tumeanza. Nakuomba kitu kimoja, usiwatangazie watu zaidi. Huku si kama unavyofikiri hasa, na mtu anaweza kuingia akashindwa. Mengine nitakueleza taratibu. Na tafadhali, hilo jina la Bruda Arnel usiliandike juu ya bahasha, mwenye nyumba ananitazama vibaya.

Mwanao,
Arnel


Manila, 14 Januari 1991

Mama,

Viatu vyeusi vya Krismasi vimefika pamoja na rozari. Vinanitosha. Sijavivaa bado.

Mafunzo yamekuwa magumu. Sisemi ya darasani, nasema ya Undugu. Wanatutuma huku na huko, hilo si kitu, kutumwa nimezoea. Lakini kuna mengine, na mwili unaumia. Wiki iliyopita nilikaa darasani saa mbili nzima nimeegemea upande mmoja, siwezi kukalia kiti. Mwalimu akaniuliza kama nina majipu, nikasema ndiyo. Wanatuambia maumivu ndiyo yanayowafanya watu kuwa ndugu. Mimi mpaka sasa naona ni maumivu tu.

Siku ya kuingizwa ni Jumamosi, tarehe 9 Februari. Kabla ya hapo mtu anaruhusiwa kutoka. Watamcheka, watamwita mwanamke, basi. Wawili kati yetu wameshatoka. Kuna siku nataka nitoke na mimi, halafu nakumbuka jinsi ulivyofurahi.

Kuna jambo nilipaswa kukuambia tangu Oktoba. Nilijaza ukurasa mzima, nimeuchana.

Wewe ndiye uliyenibariki, kwa hiyo nakuuliza wewe. Neno lako ndilo nitakalolifuata. Ukisema toka, natoka siku hiyo hiyo.

Arnel


Hong Kong, Jumapili, 27 Januari 1991

Mwanangu,

Majipu! Mtawa wa majipu! Kwa hilo nimecheka peke yangu jikoni. Usile mayai.

Sasa tuseme ya kweli. Unadhani mimi sijui? Hakuna utawa usio na toba ya mwili. Hata huko kwetu, Ijumaa Kuu, wanaume hawatembei peku barabarani wakijichapa migongo mpaka damu inaruka ukutani? Baba yako, mwanamume aliyekuwa akilia akichomwa sindano, alijichapa Ijumaa Kuu mbili mfululizo kwa ajili ya ile homa yako. Nilimkanda mgongo kwa maji ya majani ya mpera, na hakusema hata uwii. Kwa hiyo wakikuambia maumivu yanafundisha, wasikilize. Wamekutangulia njiani.

Hilo jambo unaloshindwa kuniambia nimeshalijua, ni msichana. Mwambie kwa upole. Atalia mwezi mmoja, wa pili ataolewa.

Arnel, maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Hao wawili waliotoka ni wa mama zao, wewe ni wangu, na nilikuwekea nadhiri kabla hujajua kusoma. Usitoke. Inama, nyamaza, vumilia. Ni wiki mbili tu. Tarehe 9 Adelaida na mimi tutawasha mshumaa tangu asubuhi, na kila mambo yatakapokuwa magumu ujue hapo hapo nakushika mkono.

Mama yako, Mama Bruda


Manila, Ijumaa, 8 Februari 1991

Mama,

Barua yako imefika leo saa nne, naandika saa nne na nusu niiwahi posta.

Nikuambie tu, begi langu lilikuwa tayari limefungwa. Nilikuwa nimemuaga Efren na kila mtu, nilikuwa nakwenda Lipa kwa Bibi na basi la mchana, nikae huko mpaka Jumatatu wanisahau. Sasa nimelifungua. Kwa kuwa umesema nisitoke, sitatoka. Nimeona hata nafuu, ni vizuri kuambiwa.

Si msichana, Mama. Nikishaingizwa nitakuja kukueleza uso kwa uso, utakapopata likizo, na utanicheka au utanitandika. Ukinitandika nitakuwa nimezoea.

Usiwashe mshumaa karibu na pazia.

Mwanao,
Arnel


Manila, 4 Machi 1991

Mama yake Arnel,

Umeshanipa kahawa kwa mkono wako, ila hukujua ni mimi. Kwenye matanga kule Lipa, yule kijana aliyesimama mlangoni haingii, ukamwambia ingia mwanangu, chukua biskuti, ndiye mimi, Efren wa chumbani kwake. Nilikunywa nikaondoka. Nilikuwapo ulipouliza lile shada kubwa lenye utepe wa "Kutoka kwa Ndugu Zako" limetoka parokia gani, na watu wakaanza kutazama chini.

Najua baadaye walikueleza ni Undugu wa namna gani. Najua pia mmeambiwa aliteleza kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga. Hakuteleza.

Ilikuwa mchana, shambani kwa baba wa bruda mmoja. Tulikuwa watano. Walitupiga kwa vibao vya mbao ngumu, mapajani na mikononi, kwa zamu, wao wakiwa zaidi ya ishirini. Arnel mara mbili aliulizwa kama anataka kuacha. Mara zote mbili alisema anaendelea. Baadaye akaomba maji, akasema anasikia baridi, na jua lilikuwa la saa nane. Wakabishana muda mrefu gari la nani lichafuke. Tulimshusha kwenye geti la hospitali tukaondoka. Nasema tulimshusha kwa sababu mimi nilikuwa ndani ya gari hilo.

Sisi wanne tuliobaki tumehesabiwa kuwa tumefaulu.

Kuna mawili nataka uyajue. La kwanza, Oktoba aliniuliza kama akueleze ukweli kuhusu Undugu, na mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Alitaka kusema, mimi nikamzuia kwa mzaha. La pili, barua yako ya mwisho ilifika Jumatatu, yeye ameshaondoka. Haikufunguliwa. Niliona ni haki ujue hakuisoma, alikwenda kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sasa wanataka nitie sahihi karatasi kwamba nilimwona akiteleza. Wakili wao ni bruda. Wanasema nikiwakana, Arnel atakuwa amekufa bure, na nikibaki, jina lake litasomwa kila mwaka tukiwa tumesimama. Mama yangu nimemdanganya nilianguka na pikipiki. Sina mtu wa kumwuliza. Nibaki au nitoke? Najua mimi ni mtu wa mwisho mwenye haki ya kukuuliza wewe.

Efren Catindig


Hong Kong, Jumapili, 17 Machi 1991

Efren,

Barua yako nimeitupa kwenye ndoo ya taka mara mbili na mara mbili nimeiokota. Ulikuwa ndani ya gari. Alikuwa anasikia baridi na wewe ulikuwa ndani ya gari. Usinitake nikusamehe leo, sina nguvu hizo, na sijui kama nitazipata.

Lakini hilo la barua ambayo haikufunguliwa, liache. Niliporudi kutoka mazikoni nilikuta barua ya Arnel imewekwa juu ya kitanda changu. Ilifika nikiwa Lipa namlilia. Aliiandika siku ile ya Ijumaa. Anasema begi lake lilikuwa limefungwa. Anasema barua yangu imefika, amelifungua. Kwa hiyo najua umenidanganya, na najua ni kwa huruma, na kwa hilo moja tu nakushukuru.

Walipomwuliza mara mbili kama anataka kuacha, basi, aliyejibu ni mimi.

Wanawake wa uwanjani wananiambia hukujua, Felicitas, ungejuaje. Ni kweli sikujua. Lakini mtoto aliniambia hawezi kukalia kiti. Aliniandikia hivyo, kwa wino, ninayo hapa. Mama yeyote angeuliza, umefanywa nini, na nani? Mimi sikuuliza hata swali moja. Nilimpa methali. Nilitaka sana kuwa Mama Bruda, furaha ikaniziba masikio. Wiki iliyopita Adelaida aliteleza ulimi akaniita jina hilo, akashika mdomo kwa mikono miwili.

Kuhusu jina lake kusomwa kila mwaka, waambie mimi nalisoma kila asubuhi na sihitaji msaada.

Karatasi usitie sahihi. Hilo nalisema bila kusita, kwa sababu ni uongo na aliye chini ya udongo ni wangu. Lakini hilo lingine, ubaki au utoke, sikujibu. Mtoto mmoja ameniuliza hivyo hivyo kwa barua, naye alinitii. Siwezi tena kumtumia mtoto wa mtu neno kwa posta.

Wewe una mama, na Laguna ni saa mbili kwa basi. Nenda leo. Usimwandikie, Efren. Mkalishe chini, mvulie suruali kama ulipokuwa mdogo, aone mapaja yako yalivyo. Usiseme kitu kwanza. Mwache aangalie, mwache aulize, na kila atakalouliza, mjibu.

Felicitas Dimaculangan